Ukiona Pametulia

Jumatatu, 1 Septemba

Leo nimepewa mtu. Sikumwomba! Daktari kaja naye mpaka mlangoni pa chumba cha matangi, kasema, Jicho, huyu atakusaidia kuangalia samaki. Jicho ni mimi. Miaka sita nawaangalia samaki kwa niaba ya wataalamu, jina nililopewa na mama limeshasahaulika hapa kwenye kituo cha utafiti wa bahari.

Mtu mwenyewe ni mwalimu wa shule ya msingi, kastaafu mwaka jana. Miaka thelathini na nane ya kufundisha Kiswahili darasa la tano. Shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Nimemwamkia, kaitikia marahaba ndefu. Nikamuuliza, Mwalimu, wewe na samaki wapi na wapi? Kasema mkewe amemchoka nyumbani, maana anamsahihisha hata orodha ya sokoni. Nimecheka. Lakini moyoni nikajiuliza: kituo kizima kimekosa mtu wa chuo mpaka wakamwokote mstaafu? Kuna jambo.

Nimemweleza kazi mbio mbio maana pampu ya tangi la nne ilikuwa inakohoa. Matangi kumi na mawili, kila moja na kipande cha tumbawe na samaki mmoja. Samaki wenyewe hawazidi kidole, wana madoa mekundu, na kazi yao ni kukaa. Hawana raha ya kuogelea hata kidogo. Wanakaa juu ya tumbawe wameegemea mapezi kama mtu aliyeegemea viwiko, macho yanazunguka. Tunawaita Walinzi. Asubuhi matangi sita yanamwagiwa tope, kikombe kimoja kimoja, tope lile lile linalotoka kule mtambo unakochimba mlango wa bandari. Sita yanabaki masafi. Halafu unaketi mbele ya tangi na kila dakika unaandika herufi moja kwenye safu ya "Hali".

Swali la Daktari ni moja tu: tope linawanyima Walinzi mapumziko au haliwanyimi? Kamati ya bandari inasubiri jibu mwisho wa mwezi. Kama linawanyima, mtambo unahamishwa mbali na miamba. Kama haliwanyimi, unachimba hapo hapo.

Herufi ni mbili. Nimemwambia, "Ukiona pametulia, andika T. Hapajatulia, H." Akauliza, "Pametulia?" Nikamjibu ndiyo Mwalimu, pametulia, T — huku nakimbilia pampu. Basi. Si kazi ya kumchanganya mtu.

Jumatano, 3 Septemba

Mwalimu anaandika kwa penseli. Na ana kifutio! Amekifunga kwa uzi kwenye kitufe cha shati ili kisipotee. Fomu za hapa zinaandikwa kwa kalamu ya wino, hata mfagiaji anajua. Nimemwuliza, kasema ni mazoea. Mazoea ya nini? Ya kufuta?

Tumegawana. Yeye asubuhi, mimi mchana. Asubuhi ndiyo ndefu, kwa hiyo fomu zake ni karibu mara mbili ya zangu. Sikupenda, lakini Daktari kasema mzee anaamka mapema.

Ana pia kidaftari chenye jalada la kijani. Nikikaribia anakifunga na kukiweka mfukoni. Mtu mwenye daftari la siri hafichi mazuri. (Langu ni tofauti.)

Wakubwa wa mtambo walikuja leo kutembelea. Daktari aliwatembeza matangi yote, anacheka nao meno thelathini na mawili nje. Miaka sita niko hapa, sijawahi kuyaona magego ya Daktari. Mtu hachekei bure. Kama ameshanunuliwa, basi mimi nahesabu samaki wa maonyesho. Hilo nimeliandika na sitalitamka.

Jumatatu, 8 Septemba

Lisemwalo lipo!

Tope letu linaletwa kila Jumatatu kwenye mapipa mawili, na anayelileta ni Shemeji, mume wa dada yangu. Ndiye anayeendesha huo mtambo. Ninaishi kwao, chumba cha uani. Leo nimetoka nje kupokea mapipa, namkuta Shemeji na Mwalimu wameinamiana nyuma ya gari, vichwa vinagusana, Mwalimu ameshika karatasi. Waliponiona, wakatengana! Karatasi ikaingia mfukoni kwa Shemeji.

Shemeji akaja na tabasamu la kukopesha. "Shemeji, Walinzi wako hawajambo?" Hawajambo! Miaka minne tunakula meza moja, hajawahi kuniuliza habari ya samaki asiyekaangwa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Tena karani wa kompyuta, yule anayeingiza fomu zetu, kanijia na karatasi mkononi. Kwenye matangi masafi Mwalimu hajaandika T wala H, ameweka vistari tu. Aingize nini? Nilikuwa na mikono yote miwili ndani ya tangi. Nikamwambia, herufi ni mbili, kama si T ni H, kuna la kuuliza hapo? Kaondoka amenuna. Huyu naye anauliza uliza ili aonekane anafanya kazi.

Vistari! Mtu anayejua anachokiona haandiki kistari. Nitamwangalia.

Ijumaa, 12 Septemba

Jedwali la wiki mbili limetoka. Karani kalibandika ukutani mwenyewe, bila kunisemesha.

Matangi ya tope: Walinzi wametulia dakika sitini na nane katika mia. Matangi masafi: hawafiki hata arubaini.

Nimesoma mara tatu. Nikavua miwani nikaisugua, nikasoma tena. Kwa jedwali hili samaki anapumzika vizuri zaidi akifunikwa tope! Tuwamwagie basi na shuka na mto.

Mimi ninachokiona mchana ni kinyume kabisa. Kwenye tangi safi Mlinzi anakaa dakika tisa katika kumi, mpaka unamsahau. Kwenye tope ni balaa. Anashuka kwenye tumbawe, pezi likigusa tu lile tandiko la tope anaruka juu tena, anaelea, anapunga mapezi kama mtu aliyesimamishwa mlangoni na mzigo kichwani. Anazunguka. Anajaribu pembe nyingine. Anaruka. Kutwa nzima! Tangi la tisa amekonda, mgongo umekuwa kama wembe. Namwonea huruma kweli.

Kwa hiyo fomu zangu zimemezwa na za asubuhi. Na za asubuhi ni za nani?

Daktari alisimama mbele ya jedwali muda mrefu. Kasema, "Ya kushangaza. Lakini takwimu ni takwimu." Yeye haiti tope, anaita mashapo. Jumatatu ya tarehe ishirini na mbili anapeleka ripoti: mashapo hayana athari kwa mapumziko ya samaki. Sikumwona akicheka, lakini sikumwona akilia pia.

Jumamosi, 13 Septemba

Dada alikuwa anafua, nikamsaidia kukamua mashuka. Nikamweleza yote: penseli, kifutio, kidaftari, karatasi nyuma ya gari. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha kasema mimi hata nikimwona kuku kakaa kimya nitasema anapanga njama. Nikamwambia kuku wa nyumba hii wana sababu. Akanirushia soksi.

Shemeji kapita, nikamkamata hapo hapo penye kamba ya nguo. Karatasi ile na Mwalimu ilikuwa ya nini? Kakohoa. Kasema ni mambo yake na Mwalimu. Masikio yamekuwa mekundu! Halafu kaniuliza, pole pole, kama ni kweli samaki wanalala kwenye tope, maana kazini mkubwa wao kawapigia makofi. Nikamjibu aulize waliopika hesabu. Kaenda zake.

Dada kaniangalia kwa jicho la "huyo ni mume wangu". Mashuka yaliyobaki nimeyakamua peke yangu.

Jumatatu, 15 Septemba

Leo nimemnasa. Kwa macho yangu haya!

Nilikuja asubuhi, siyo zamu yangu. Nikakaa nyuma ya rafu ya ndoo, penye upenyo unaoona tangi la tisa na mgongo wa Mwalimu. Nilikuwa na fomu yangu na kalamu ya wino. Kaja saa moja kasoro, kaning'iniza kofia, kamwaga kikombe cha tope, kasubiri. Tope likaelea, maji yakawa rangi ya chai ya maziwa. Baada ya nusu saa likashuka lote, likatanda juu ya tumbawe. Ndipo akachukua penseli.

Dakika ya kwanza Mlinzi wa tisa anaelea. Mimi: H. Dakika ya pili anashuka, anagusa, anaruka. H. Ya tatu H. Mpaka ya kumi, H tupu; kashuka mara kumi na nne, hakukaa hata mara moja, masikini. Na Mwalimu kila dakika anaandika. Anatazama, anaandika. Halafu akafungua kile kidaftari cha kijani, akaandika humo kirefu, mdomo unacheza cheza, akakifunga.

Alipokwenda kunawa mikono nikatoka mafichoni. Fomu yake ya tangi la tisa: T T T T T T T T T T.

Kumi! Hakuwa na haya hata ya kuchanganyia H moja ya kudanganyia! Mtu mzima, mvi kichwani, mwalimu wa watoto! Amekaa mbele ya samaki anayeteseka na kuandika kwamba ametulia. Nimezipiga picha zote mbili, yake na yangu, kwa simu.

Aliporudi kasema, "Umewahi leo, binti." Sikumwamkia.

Jumanne, 16 Septemba

Nimekwenda kwa Daktari. Nimemwonyesha picha. Nimetamka neno lenyewe: anaghushi.

Nilidhani atamtetea mtu wake. Kumbe kakaa chini, uso umeisha rangi. Kauliza kama nina hakika. Nikamwambia Daktari, mimi ni Jicho. Kasema kama ni kughushi hakuna cha kuokoa. Itabidi aiambie kamati kwamba uchunguzi mzima umeharibika, na kamati haitasubiri mwingine, mtambo utaendelea. Hilo sikulifikiria. Lakini uongo ni uongo.

Sina raha nilivyodhani nitakuwa nayo.

Jumatano, 17 Septemba

Wamemwita Mwalimu saa nne. Alikaa ndani dakika arubaini. Ameambiwa asiguse matangi. Ijumaa atapewa barua, na barua itasema kwa nini. Neno lile lile nililolitamka litaandikwa kwa mashine na kupigwa muhuri.

Alitoka, akavua aproni ya kituo, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya kiti changu. Nilijifanya nasafisha kioo. Kioo kilikuwa kisafi.

Karani hali na mimi tena. Amehamia meza ya dirishani na bakuli lake.

Alhamisi, 18 Septemba

Jioni narudi nyumbani, viatu viwili vya ngozi vimepangwa mlangoni, vimeng'arishwa. Mwalimu! Ameketi sebuleni, kikombe cha chai kwenye goti, Shemeji pembeni yake kama mtoto aliyeitwa shuleni pamoja na mzazi. Shemeji ndiye aliyemleta.

Nikasimama tu. Dada kanikazia macho mpaka nikakaa.

Mwalimu hakupandisha sauti. Kasema, "Binti, sikuja kugombana. Nina swali moja la sarufi, nisaidie."

La sarufi! Nikamwambia sema.

"Siku ya kwanza uliniambia nikiona nini niandike T?"

"Samaki akitulia. Ametulia, T. Nini kingine?"

"Hukusema ametulia. Ulisema pametulia." Akainua kidole, kidole cha ubaoni kabisa. "Samaki ni a. Ametulia. Tope ni li. Limetulia. Wewe ulisema pa. Pa ni mahali. Nikakuuliza, pametulia? Ukasema ndiyo. Nikajua kazi yangu ni kuangalia mahali, sakafu ya tangi na lile tumbawe, kama tope limetulia au linaelea. Wewe wa mchana unahesabu samaki, mimi wa asubuhi nahesabu mahali. Niliona ajabu kidogo. Lakini mgeni haulizi mara tatu."

Nikamwuliza na vistari? Kasema tangi safi halina tope. Hapakuwa na cha kutulia. Angeandika nini?

Damu ilinipanda. Nikasema, Mwalimu, mimi sijazaliwa jana, nani duniani anasema pametulia akimaanisha samaki? Kasema ndicho alichojiuliza hata yeye. Nikasema sikutamka hivyo, ng'o, hata kwa dawa. Ameshabanwa ndiyo anatafuta upenyo kwenye ngeli za maneno! Dada kasema jina langu, lile la mama, kwa sauti ya chini. Hilo huwa halisemwi ila mambo yakiwa mabaya.

Mwalimu akatoa kidaftari cha kijani, akakiweka mezani mbele yangu. Kasema aliona vibaya samaki wapite bila kuandikwa, maana walimsikitisha, kwa hiyo akawaandika mwenyewe pembeni, kwa sentensi kamili, kwa sababu herufi moja moja hazimtoshi. Nikija alikuwa anakifunga kwa aibu, asionekane anacheza kazini.

Nimekifungua. Kila asubuhi, kila tangi, tarehe na saa. Mwandiko wa ubaoni. Tarehe kumi na tano, tangi la tisa: "Tope limetulia. Samaki hajatulia. Ameshuka mara kumi na nne na hakukaa hata moja. Nadhani amechoka kuliko mimi."

Kumi na nne. Mimi siku ile, nyuma ya rafu ya ndoo, nilihesabu kumi na nne.

Daktari ameshakiona hicho kidaftari leo asubuhi, kasema kinaweza kuwa kimeandikwa jana usiku chote. Mwalimu hakumlaumu. Kasema hata yeye mwanafunzi akimletea kazi baada ya kengele huwa anaitilia shaka.

Na ile karatasi ya nyuma ya gari? Shemeji kajibu mwenyewe, anaangalia zulia. Ni barua yake ya kuomba kupandishwa cheo. Mwalimu alimfundisha darasa la tano, na bado anamsahihishia kwa kalamu nyekundu. Makosa kumi na moja, kasema. Alikuwa anaona haya nisije nikamcheka.

Ningemcheka.

Mwalimu kanywa chai yake ikaisha, kashukuru, kavaa viatu. Sikumsindikiza. Dada kamsindikiza mpaka barabarani.

Alhamisi, bado jioni hiyo hiyo

Nimefungua daftari hili nyuma, nitafute neno la kumshindia. Nilijua sikusema. Nilikuwa na hakika kabisa.

Ukurasa wa kwanza. Tarehe mosi. Mwandiko wangu mwenyewe, wino wangu mwenyewe: "Ukiona pametulia, andika T. Hapajatulia, H." Na chini yake: Akauliza, "Pametulia?" Nikamjibu ndiyo.

Mungu wangu.

Nimesoma tena kwa sauti. Pa. Pa, pa, pa! Nilikuwa nimeigeukia pampu, sikuwa namtazama yeye wala samaki. Nikaendelea kusoma. Tarehe nane, karani na vistari: kama si T ni H, kuna la kuuliza hapo? Ni mimi! Vistari vya tangi safi vimegeuka H kwa mdomo wangu, T za tope zimegeuka mapumziko kwa mdomo wangu. Jedwali lote la kichwa chini miguu juu, nimelipindua mimi. Halafu nikakaa nyuma ya ndoo kumtafuta mchawi.

Nimemwita Dada chumbani nikamsomea. Nilitegemea atanicheka. Kakaa kwenye kitanda, kasema, sasa unalo la kumwonyesha Daktari. Nikamwambia Dada, huelewi. Ni hili daftari. Siwezi kumpa Daktari hili daftari!

Kwa nini?

Nikamgeuzia ukurasa. Nyuma ya tarehe mosi ni tarehe tatu. Magego ya Daktari. Kama ameshanunuliwa. Karatasi ni ile ile moja, mbele wokovu wa Mwalimu, nyuma kaburi langu. Na ukurasa wa vistari una karani anayeuliza uliza, una Shemeji wa tabasamu la kukopesha. Dada alisoma hilo la mumewe. Akasoma na la kuku.

Nikasema nitanakili upya, mistari miwili tu, kwenye karatasi safi. Dada kauliza, na nani atakuamini, kama Mwalimu hakuaminiwa na kidaftari kizima? Kile Daktari kasema ni cha jana usiku, na hako kakaratasi kako ni ka lini?



Ijumaa, 19 Septemba

Niko kwenye benchi la nje ya ofisi ya Daktari. Saa tatu na robo. Naandika kwa sababu nikiacha nitaondoka.

Nilifika saa mbili, nikapitia kwenye matangi, na saa tatu nikaingia kwake. Nikasema, Daktari, Mwalimu hakughushi, mimi ndiye niliyemwelekeza vibaya. Kaniangalia juu ya miwani. Kasema Jumanne nilikuwa na hakika, leo nina hakika, je, Jumatatu nitakuwa na hakika ya nini? Haki yake. Kasema ana huruma na mzee, hata yeye, lakini huruma haipelekwi kwenye kamati. Akiwa na kitu kilichoandikwa kabla ya jedwali, kinachoonyesha alichoambiwa Mwalimu, kidaftari cha kijani kinakuwa ushahidi, na asubuhi zote zinaweza kuhesabiwa upya kutoka humo. Asipokuwa nacho, barua iko tayari. Ipo mezani, nimeiona, ina muhuri.

Nikasema kitu hicho ninacho. Kasema, lete. Nikasema nipe dakika kumi. Kasema ana simu, kwa hiyo ninazo kumi.

Dakika saba zimekwisha.

Nimejaribu kucha kwenye mshono wa ukurasa wa kwanza. Unachanika kirahisi. Lakini ng'ambo ya pili yapo yale yale, hata ukichanika. Nimefikiria kuyafuta kwa wino. Nani atamwamini mtu aliyefuta? Mimi mwenyewe nilimhukumu mtu kwa kifutio tu.

Nimepita chumba cha matangi asubuhi. Wa tisa bado anaelea. Nimemsafishia tumbawe kwa brashi, kinyume cha sheria zote za uchunguzi. Alishuka kabla sijatoa mkono. Akaegemea mapezi. Akakaa.

Mwalimu amefika. Shati lile lile, mikunjo ile ile, amekuja kuchukua barua yake. Nimesimama. "Shikamoo, Mwalimu." Nilidhani haitikii.

"Marahaba, binti."

Ameketi kwenye benchi, amenipisha nafasi ya daftari. Ameuliza ninaandika nini. Nimesema mambo yangu. Kauliza, kwa sentensi kamili? Nimesema si zote. Halafu nimemwambia kwamba tarehe mosi imo humu, neno kwa neno, na pa yake.

Hakufurahi. Ameangalia daftari, ameangalia vidole vyangu kwenye ule mshono. Amesema daftari la mtu ni kama chumba cha mtu. Amesema nisifungue kwa ajili yake, wanafunzi wake wamejaa mji huu, wanajua yeye ni nani, barua moja haitamuua. Amesema kwa upole kabisa. Bora angenitukana!

Nimemuuliza, na Walinzi? Hao wamejaa mji gani?

Amevua kofia, ameiweka gotini, anaizungusha.

Simu ya ndani imekatika. Viti vinasogea. Mlango umefunguliwa, Daktari kasimama: "Haya, nani anaingia?"

Mwalimu ameinuka. Nimemshika mkono wa shati kwa mkono wa kushoto, wa kulia bado unaandika. Nimesema, "Tunaingia." Tu-. Hiyo hata yeye hana pa kuisahihisha.

Daktari ameliona daftari. Amenyoosha mkono. Anauliza, ni ukurasa gani? Nimesema aanze mwanzo, asome mbele na nyuma, na akifika tarehe tatu —